Uji wa mlimani kubaki mbichi: ni mlima, ni gesi au ni unga?

#1 Kichwa_Ngumu
Wakuu, habari za jioni.
Nina ubishi na mpishi, naomba mtuamulie. Tulipanda Kilimanjaro na wenzangu wa kazini kwa njia ya Machame. Siku za chini chakula hakikuwa na neno. Tulipofika kambi ya Karanga, huko karibu mita 4,000, asubuhi tukaletewa uji wa lishe, mayai ya kuchemsha, mkate uliochomwa upande mmoja na vipande vya tikiti. Uji ulichemka, nimeuona kwa macho yangu ukitoa mapovu, maana nilijibanza kwenye hema la jiko nikitafuta joto. Ila mdomoni ni unga mbichi, ile ladha inayoganda kwenye ulimi. Kambi ya Barafu nako hivyo hivyo. Mpishi akasema, "Huku juu uji hauivi bosi, kunywa tu." Mimi nasema alikosea unga.
Nauliza kwa sababu tunaenda Meru, na safari hii asubuhi tunataka tujipikie wenyewe. Kiwe kitu cha kushikilia tumbo mpaka saa nane mchana, bila kubeba duka zima mgongoni. Kama mkosaji ni mlima, uji unabaki nyumbani. Nawasilisha.

#2 Chabo_wa_Mjini
Nimekaa siti ya mbele. Ila tikiti, mkuu? Mlikuwa mnapanda mlima au mko kwenye kipaimara?

#3 Mgumu_Marangu
Tikiti ni kawaida, Chabo. Mgumu, yaani mpagazi, analibeba kichwani kutwa nzima, mgeni analila kwa dakika mbili.
Kichwa_Ngumu, mpishi wako yuko sahihi, na mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Maji ya Moshi mjini yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Ukifika kambi ya Horombo, mita 3,720, yanachemka kwenye 88. Barafu ni 84 au 85. Mapovu utayaona yale yale, moto siyo ule ule. Na ukiongeza gesi huongezi joto la maji, unamaliza mtungi tu. Kwa hiyo kitu kinachotaka moto mkali, juu ya Horombo hatukigusi. Maharage hatupandishi mabichi kabisa kama hakuna sufuria ya presha.

#4 Fundi_Jiko
Mgumu, hesabu zako za maji nazikubali zote. Hitimisho nalikataa.
Wanga wa mahindi unaanza kuvimba na kushika kwenye nyuzi 62 mpaka 72 hivi. Ulezi hauko mbali na hapo. Nyuzi 84 zinatosha na chenji inabaki. Wewe mwenyewe na wenzako mnasonga ugali Barafu kila safari, na hamjawahi kusema ni mbichi.
Tatizo ni gesi. Ule mtungi umelala nje usiku kwenye baridi ya chini ya sifuri, asubuhi gesi imeganda, moto unatoka wa kuvizia. Sufuria kubwa, upepo unapiga, mfuniko haupo. Mapovu yalikuwa katikati tu, pembeni uji uko vuguvugu.

#5 Mgumu_Marangu
Ugali tunausonga mpaka mikono iume, na unakaa motoni. Uji wa wageni unataka kuwa mezani saa moja kamili. Usilinganishe.

#6 NyeriWimbi
Fundi, gesi haigandi. Ile gesi ya jikoni ni mchanganyiko wa propani na butani. Butani ikikaribia nyuzi sifuri inakataa kugeuka mvuke, inabaki maji maji chini ya mtungi. Propani inaendelea mpaka huko hasi 42. Kwa hivyo asubuhi ya baridi unachoma ile propani kidogo iliyopo, halafu moto unazimia. Na mtungi ukitumika sana unajipoza wenyewe, utaona umande mpaka barafu inashika chuma upande wa chini.
Sisi huku Mlima Kenya, pale kambi ya Shipton's mita 4,200, tunakalisha mtungi ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Uvuguvugu tu, si maji ya moto, na kamwe usiusogeze karibu na jiko. Moto unarudi wenyewe.
Uji wa wimbi, yaani ulezi, tunaunywa Shipton's na unaiva poa. Mimi niko upande wa kulaumu mpishi.

#7 Fundi_Jiko
Iwe imeganda au imegoma, moto haupo. Hoja yangu imesimama.

#8 BintiTanga
Jamani mbona hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa? Huo unga wa lishe ulikuwa na nini ndani?

#9 Kichwa_Ngumu
Dada, ulinunuliwa sokoni umeshasagwa. Walisema mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga.

#10 BintiTanga
Basi hapo hapo. Soya!
Soya isipokaangwa vizuri kabla ya kusagwa ina ladha ya umbichi ambayo hata ukiwa Tanga mjini usawa wa bahari utaisikia. Nyumbani tunaichemsha kwanza, tunaikausha, tunaikaanga mpaka inanukia, ndiyo iende mashine. Wauzaji wengi wanachanganya mbichi kwa sababu ya haraka. Huku chini ukiuchemsha uji nusu saa kwa moto mkali ile ladha inapungua. Huko kwenu kwenye nyuzi 84, na mtu anakimbilia saa moja kamili, haipungui. Kwa hiyo mpishi ana kosa nusu, mlima una kosa nusu, muuza unga ana kosa zima.

#11 Chabo_wa_Mjini
Makosa mawili kamili kwenye kikombe kimoja. Hesabu za Tanga hizo.

#12 Nesi_wa_Zamu
Habari zenu. Naongeza mawili.
Moja, mdomo wenyewe. Ukiwa mita 4,000 na zaidi hamu ya kula inakimbia, wengi kichefuchefu kinakuwa karibu, na chakula ulichokizoea kinageuka ladha. Kwenye kundi lile lile, mmoja anaona uji mtamu na mwingine anaona umbichi. Kichwa_Ngumu, wenzako walisemaje?
Pili, Mgumu amegusa maharage na nataka watu walielewe. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili. Inavunjwa kwa kuyaloweka, kumwaga yale maji, kisha kuyachemsha kwenye nyuzi 100 kwa dakika zisizopungua 10. Kwenye nyuzi 85 unaweza kuyapika hadi yakalainika na sumu ikawa bado imo. Kinachofuata ni kutapika na kuharisha, halafu watu wanasema ni mlima umemkataa. Kama mnataka maharage asubuhi, pikeni nyumbani yaive kabisa, myale siku ya kwanza.

#13 Kichwa_Ngumu
Nesi, tulikuwa sita. Wawili walisema mbichi, mmoja alikunywa vikombe viwili, waliobaki hawakugusa chochote asubuhi ile.

#14 Nesi_wa_Zamu
Basi ushahidi wako ni mwembamba kuliko huo uji.

#15 Mzee_Kihamba
Vijana, mnahangaika na nyuzi joto. Maji ya mlimani ni ya theluji, hayana chumvichumvi, ndiyo maana hayaivishi. Zamani wabebaji walipika kwa kuni za msitu na chakula kilikuwa na ladha. Na asubuhi mtu wa mlimani hanywi uji wa unga wa dukani. Anakunywa mtori. Ndizi mshare, nyama yenye mfupa, unaponda kwa mwiko mpaka ulainike. Ukinywa bakuli moja kambi ya Mandara, mpaka Horombo husikii njaa.

#16 Fundi_Jiko
Mzee shikamoo. Kwenye mtori sina pingamizi. Kwenye maji ni kinyume. Maji yenye chumvichumvi ya chokaa ndiyo yanachelewesha maharage kulainika. Maji laini ya mlimani yangesaidia. Ndiyo maana bibi zetu waliweka magadi.

#17 Mzee_Kihamba
Marahaba. Magadi tunayaweka kwenye kiburu cha ndizi na maharage hata kwa maji ya mfereji. Usinifundishe kiburu.

#18 Mgumu_Marangu
Na kuni msahau, mzee. Hifadhini hairuhusiwi kuokota wala kuwasha. Mnakumbuka ule moto wa Oktoba 2020?

#19 Chabo_wa_Mjini
Si walisema ni warina asali?

#20 NyeriWimbi
Hapana, hiyo unachanganya. Ule wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, kati ya Mandara na Horombo, na taarifa ya kwanza ya hifadhi ilisema ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Kifungua kinywa au chakula cha mchana sijui, lakini ni jiko.

#21 Ngosha_wa_Ziwa
Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyetaja chakula cha safari kuliko vyote. MICHEMBE. Viazi vitamu vilivyokaushwa. Vyepesi, haviozi, havivunjiki, havitaki jokofu. Mababu walitembea navyo kutoka Usukumani hadi pwani. Unaloweka usiku, asubuhi unatafuna na karanga. Uji ni chakula cha mgonjwa.

#22 Shemeji_wa_Magu
Ngosha, mwenzio nimeolea huko. Unachokisema ni MATOBOLWA. Hayo yamechemshwa kwanza ndipo yakakatwa na kuanikwa, kwa hiyo yameshaiva, maji ya moto tu yanatosha. Michembe imekatwa mbichi ikaanikwa, lazima uipike. Ukipeleka michembe kambi ya Saddle Hut huko Meru utaanzisha uzi mwingine wa umbichi.

#23 Ngosha_wa_Ziwa
Mkwe ameshinda. Matobolwa basi. Ila hoja ya uji wa mgonjwa siiondoi.

#24 Kichwa_Ngumu
Hapa ndipo napataka. Shemeji, unafanyaje asubuhi, kwa vitendo?

#25 Shemeji_wa_Magu
Usiku kabla ya kulala chemsha maji, jaza nusu chupa ya chai ile kubwa yenye mdomo mpana, tumbukiza matobolwa, funga. Alfajiri yamelainika na bado ya moto. Mimina kwenye bakuli na maji yake, yale maji yamekuwa matamu yenyewe. Ponda karanga za kukaanga kwa kitako cha kikombe, ziwe punje punje, mwagia juu. Maziwa ya unga vijiko viwili, koroga. Jiko hujaliwasha asubuhi hiyo ila kwa chai. Angalizo: ukikuta yana vumbi la njano au harufu ya ukungu, usinunue.

#26 BintiTanga
Nzuri hiyo, ila mimi siwezi kuanza siku bila kitu cha samli. Mnisikilize watu wa bara. Tambi. Zile nyembamba za paketi. Hazina uzito, zinaiva upesi kuliko mchele, na mlima hauzibabaishi.
Vunja tambi mkononi ukiwa bado na paketi. Kijiko cha samli kwenye sufuria, zigeuze bila kuacha. Zinaanza nyeupe, kisha dhahabu, kisha kuna sekunde chache za kahawia yenye harufu ya karanga. Hapo mimina maji, kwa sababu sekunde zinazofuata ni mkaa. Sukari, iliki uliyoitwanga nyumbani, tui la unga, chumvi ncha ya kisu. Funika, punguza moto. Zikinyonya maji, tengeneza mashimo kwa mgongo wa mwiko, vunjia mayai humo, funika tena mpaka ute uwe mweupe. Mtu mmoja akila bakuli, mchana atakumbushwa kula.

#27 Wa_Maskati
BintiTanga umenigusa moyo. Huku Omani tambi na mayai ndiyo kifungua kinywa cha nyumbani, tamu chini, yai lenye pilipili manga juu. Tukienda kulala Jebel Shams, usiku wa baridi, asubuhi hatuli kingine. Tende pembeni na kahawa. Tende msizisahau, haziharibiki na hazitaki jiko.

#28 Mgumu_Marangu
Mayai yafikeje salama? Hilo ndilo swali la kazi. Mimi nayazika kwenye unga ndani ya ndoo yenye mfuniko, yai lisigusane na yai. Unga ni mzigo ambao ungebeba hata hivyo. Wengine wanatumia maranda, lakini maranda huli. Mkumbuke mizani ipo getini Kilimanjaro, mzigo wa mgumu mwisho kilo 20. Kila gramu ina mwenyewe. Huo mtungi wenu wa kilo 6 mnaouongelea, chuma chake peke yake kinafikia uzito wa gesi yenyewe au zaidi.
Na yai la kuchemsha linaiva hata Barafu, Fundi asije akasema nimelikana. Linataka dakika nyingi tu.

#29 NyeriWimbi
Mkifungasha unga, mifuko ya plastiki ni marufuku, kwenu tangu Juni 2019, kwetu tangu Agosti 2017. Hapa Kenya hata chupa za maji za kutumia mara moja haziingii mbugani tangu Juni 2020. Tumia makopo au mifuko ya kitambaa. Unga kwenye kitambaa ufunike vizuri, ukungu wa msituni unaulowesha usiku mmoja tu, na hapo utapata ladha ya ajabu bila msaada wa soya. Hiyo nayo ihesabiwe kwenye kesi ya Kichwa_Ngumu.

#30 Chabo_wa_Mjini
Kesi imefikisha washitakiwa wangapi? Mlima, gesi, soya, ulimi, maji ya theluji, ukungu. Bado kunguru.

#31 Mgumu_Marangu
Unatania, lakini kunguru wapo kweli. Wale wenye baka jeupe shingoni. Anafungua zipu ya begi wewe ukiangalia. Mkate usiache nje hata dakika. Na Horombo kuna panya wenye mistari mgongoni wanaoingia vibandani usiku.

#32 Dada_Lushoto
Naomba kurudi kwa Fundi #4. Umesema wanga unashika kwenye 72. Sawa, kama unga umefika kwenye maji. Je, kama ulimwagwa mkavu kwenye maji yanayochemka? Yanatokea madonge, nje yameiva yameteleza, ndani unga mkavu mtupu. Mpishi mwenye haraka anayaponda kwa mwiko mwishoni, uji unaonekana laini, kumbe umechanganya ulioiva na usioiva. Sisi Usambara asubuhi ni baridi na hatuna mita 4,000, na nimekunywa uji wa hivyo shuleni miaka yote ya sekondari. Unga ukorogwe kwanza kwenye maji baridi, ndipo uingie.

#33 Fundi_Jiko
Hii ina nguvu. Bado moto hafifu unachangia, maana ukichemka kwa nguvu madonge yanapasuka.

#34 BintiTanga
Mwenzetu ana ndoa na huo mtungi.

#35 Kichwa_Ngumu
Dada_Lushoto, sikuona alivyomimina. Nilikuja uji umeshakolea.
Na je, nikiukaanga unga mkavu nyumbani kabla ya safari? Bibi yangu alikuwa anafanya hivyo kwa unga wa safari.

#36 BintiTanga
Kaanga kwa moto mdogo mpaka harufu ibadilike, upoe kabisa kabla ya kuufunga. Umbichi hutausikia. Ila hautashika sana kama ule usiokaangwa, ongeza kidogo kipimo chako.

#37 Nesi_wa_Zamu
Kwa Meru angalia ratiba kabla ya menyu. Kambi ya Miriakamba iko mita 2,514, pale kula chochote unachotaka, maji yanachemka zaidi ya nyuzi 91. Saddle Hut ni 3,570. Usiku wa kilele mnaondoka saa saba au saa nane usiku, na saa hiyo hakuna tumbo linalopokea tambi za samli. Chai yenye sukari na tangawizi, biskuti au tende, basi. Kifungua kinywa chenyewe ni mkishuka kurudi Saddle, ambapo mna njaa ya kweli na mna mteremko mrefu mbele.

#38 Mgumu_Marangu
Ameongea. Na askari wa hifadhi mwenye bunduki atakayewaongoza naye anakula, mpangieni sahani yake. Kule chini kuna nyati, hamtaki aongoze akiwa na njaa.

#39 Chabo_wa_Mjini
Kwa hiyo matobolwa ya Ngosha, tambi za Tanga, tende za Omani, mtori wa mzee siku ya kwanza. Mkuu, hii siyo kupanda mlima, hii ni mwaliko wa ukoo.

#40 Mzee_Kihamba
Mtori ukipoa unashika. Ubebwe mzito kwenye chombo, ukifika ongeza maji, uupashe. Nyama itolewe mifupa nyumbani, mbwa wafaidi.

#41 Kichwa_Ngumu
Asanteni wote. Nimemtumia yule mpishi uzi huu. Amejibu kwamba gesi ilikuwa nzuri, unga alikoroga kwa maji baridi, na soya yeye haoni shida. Anasema maziwa ya unga yaliingizwa uji ukiwa bado haujakolea, kwa sababu mmoja wetu alikuwa anamharakisha, na ladha niliyoisikia ni ya maziwa.

#42 BintiTanga
Maziwa? Hapana. Bado ni soya.

#43 Fundi_Jiko
Mpishi gani atakiri gesi mbovu?

#44 Dada_Lushoto
Na mpishi gani atakiri madonge?

#45 Ngosha_wa_Ziwa
Anayetaka matobolwa aniandikie pembeni, kuna basi la kesho.

#46 Kichwa_Ngumu
Swali la mwisho kwa BintiTanga: samli haitaganda pale Saddle?

#47 BintiTanga
Itaganda ngumu. Ibebe kwenye kopo la mdomo mpana, uchimbe kwa kijiko. Ukibeba kwenye chupa ya shingo nyembamba utailia kwa macho. Asiyetaka usumbufu achukue mafuta ya alizeti, ladha ajue mwenyewe.